Gemu za mbio zilizotutoa jasho: ipi hasa inastahili kuitwa gemu ya mbio?

#1 Mkata Kona

Wakuu salaam.

Kuna ubishi umezuka kijiweni kwetu Ngamiani, Tanga, barabara ya 12. Kahawa imeisha, kashata zimeisha, jibu halijapatikana, kwa hiyo nauleta huku kwa wajuzi.

Jamaa mmoja anashikilia kwamba chochote chenye usukani ni gemu ya mbio, akaichomeka na Bus Simulator Indonesia humo humo. Mimi nikamwambia gemu ya mbio utaijua kwenye breki. Kama naweza kukanyaga mafuta tangu taa ya kijani hadi mstari wa mwisho na bado nikashinda, hiyo ni filamu ya magari, wamenipa tu kitufe cha kushika ili nisisinzie.

Chukua Gran Turismo ya kwanza, ya PS1 (PlayStation ya kwanza), iliyotoka Japani Desemba 1997. Unaingia na hamu zako za kuendesha Skyline, gemu inakuuliza leseni iko wapi. Unapelekwa kwenye mitihani. Ile ya mwanzo kabisa ni kuondoka na kusimama ndani ya mistari. Kusimama tu! Na watu walikuwa wanafeli mpaka wanarusha pedi. Ukivuka mstari umefeli, ukisimama ndani lakini umejivuta njiani hupati hata shaba. Kazunori Yamauchi na timu yake walitaka ujue kwanza kwamba gari halisimami kwa sababu wewe umetaka lisimame. Tairi zina kiasi chake cha kushika barabara, ukikimaliza chote kwenye breki hakuna kilichobaki cha kukatia kona.

Halafu ndo zinakuja kona zenyewe. Ukiingia na spidi ya kijinga hupati adhabu pale pale. Gari linatanuka nje, unachelewa kurudi kwenye mafuta, na barabara yote iliyonyooka mbele yako unaikimbia ukiwa na deni. Unakuja kulilipa mwisho wa mnyooko, yule Mitsubishi uliyemwacha muda mrefu anakupita kwa ndani, taratibu kabisa, na huna la kumfanya. Kwangu mimi utamu wote uko hapo, kosa la kona hii unalilipa kona ya mbele.

Siku hizi deni limefutwa. Asphalt 9 ya kwenye simu ilikuja na kitu kinaitwa TouchDrive, gari linakata kona lenyewe, kazi yako ni kuchagua njia na kupuliza nitro. GRID ya 2008 ilikuja na kurudisha muda nyuma, umegonga ukuta unabonyeza kitufe hujagonga. Mwaka uliofuata Forza Motorsport 3 nayo ikaweka. Mtoto aliyekulia humo ukimpa Gran Turismo 2 anakuambia gemu mbovu, gari halikati.

Haya, leteni zenu. Gemu gani ya mbio ilikutoa jasho, na kwa nini unaiita ya mbio? Wa FIFA wapite tu, kuna nyuzi zao.

#2 Kaka wa Mabawa

Nimevuta kiti. Ngoja waje wajuzi.

#3 Binti Raskazone

Mleta uzi unaanzia PS1 kana kwamba kabla yake tulikuwa tunacheza rede tu. Zile TV gemu za kaseti za njano umezisahau? Kaseti imeandikwa gemu 9999 kwa 1, ukizipitia unakuta ni zile zile kumi na kitu zinajirudia kwa majina mengine.

Humo ndimo ilimokuwa Road Fighter ya Konami. Unaiona barabara kutoka juu, gari linakwenda hadi spidi 400, pembeni mafuta yanapungua. Magari mengine ni kero tu, adui mwenyewe ni mafuta. Ukiguswa unaserereka, usipouwahi usukani unafika ukingoni unalipuka, na kila mlipuko unakula mafuta. Kuna kigari kimoja cha pekee kikitokea lazima ukigonge makusudi kikuongezee, na daima kinatokea upande ambao haupo. Kaka zangu walikuwa wanakanyaga 400 muda wote wanaishia njiani. Mimi nilikuwa napunguza kwenye msongamano, naachia kwenye uwazi, nafika. Wakasema nabahatisha.

Sasa nikuulize swali la breki yako. Excitebike, ya 1984, kazi ya Shigeru Miyamoto, haina breki kabisa. Una mafuta ya kawaida na mafuta ya turbo. Ukibana turbo muda mrefu injini inachemka, pikipiki inajitoa pembeni inasimama ipoe, wewe unatazama wenzako wanavyokupita. Hiyo nayo utaitoa kwenye mbio?

#4 Mkata Kona

> Binti Raskazone kasema: Excitebike haina breki kabisa

Dada, ile geji ya joto ni breki hiyo hiyo, imevaa kanzu tu. Kwenye Gran Turismo anayekuzuia ni tairi, kwenye Excitebike ni injini, kwenye Road Fighter ni tenki. Zote tatu zinakuuliza swali moja, una uwezo wa kwenda kasi zaidi ya hapo, je ni busara? Kwenye TouchDrive hakuna anayekuuliza kitu.

Na hizo habari za kuwashinda kaka zako weka mashahidi.

#5 Binti Raskazone

Mashahidi wote wanaishi Dar siku hizi, wana vitambi, hawatakubali.

#6 Mzee wa Kibanda

Nilikuwa na kibanda Makorora enzi hizo. TV mbili, PS1 mbili, moja inasoma CD ikiwa imelazwa ubavu, nyingine haisomi mpaka uipindue chini juu. Niwaambie kitu ambacho ninyi mliokuwa upande wa benchi hamkukiona.

Winning Eleven ilikuwa inalipa. Watoto wawili, mechi moja, dakika chache, aliyefungwa anasimama mwingine anakaa, hela inaingia. Gran Turismo anakaa mtu mmoja, anakata nusu saa, ananunua gari, anabadilisha tairi, anaangalia rangi, bado hajashindana na mtu. Benchi linachoka, linahamia kwa jirani. Kwa hiyo kwangu nilipiga marufuku upande wa simulesheni, ule wa leseni na kununua magari, nikaacha ule wa akedi peke yake, wa kuchagua gari na kushindana hapo hapo. Sikuwa na ugomvi na gemu, nilikuwa naangalia kodi ya fremu.

Ndiyo maana wengi wenu mnaosema mnaijua Gran Turismo mnaijua nusu. Zile mbio ndefu nani alizimaliza kibandani? Grand Valley kilomita 300, mizunguko 60, karibu saa mbili, hakuna kuhifadhi katikati. Ulipie saa mbili, uombe umeme usikatike, uombe mtoto asijikwae kwenye waya. Ninyi mlikuwa na mambo matatu ya kuogopa ambayo Wajapani hawakuyaweka kwenye gemu.

Memori kadi nayo ilikuwa kesi. Ina vyumba 15 tu, na ya kibanda ilikuwa moja, naifungia droo moja na fedha. Mkorofi mmoja anafuta ya mwenzake aweke yake, jioni mama mtu yuko mlangoni.

Halafu pedi. Kinachochoka kwanza ni kile kimpira cha chini ya X, kwa sababu X ndiyo mafuta, inabanwa kutwa nzima. Fundi wangu alikuwa anakikata kile cha pembetatu anakihamishia kwenye X. Sasa pembetatu kwenye Gran Turismo ni rivasi. Kwa hiyo mtu akiingia ukutani kwa pua, imekula kwake, hawezi kurudi nyuma. Mnaita ugumu wa gemu, mwingine ulikuwa wangu na fundi.

#7 Kaka wa Mabawa

Hahaha mzee kumbe ni wewe! Miaka yote hiyo nilijua gari langu bovu.

#8 Kijana wa Duga

Yote mnayotaja sawa, lakini hakuna kilichowatesa watu kama Driver ya 1999, ile ya Reflections. Gemu haijaanza hata hadithi, unawekwa kwenye maegesho ya chini ya ardhi, sekunde 60, juu kuna orodha ya mikiki na kila ukifanya mmoja unafutwa. Kuchoma tairi, kugeuza kwa hendibreki, kupita katikati ya nguzo kushoto kulia kushoto bila kuzigusa, kugeuka 180, kuzunguka 360. Na ule wa rivasi: unarudi nyuma kwa kasi, unakata usukani, gari linageuka pua mbele bila kusimama. Ukizigonga nguzo mara chache tu wanakutoa nje.

Kuna watu mtaani kwetu waliimiliki hiyo CD mwaka mzima hawajawahi kuiona Miami. Wanajua maegesho tu. Kulikuwa na mwenzetu mmoja ndiye anaitwa nyumba kwa nyumba kuja kuvusha watu hapo, analipwa soda na andazi.

Siri ilikuwa kupangilia. Ukichoma tairi uwe tayari umeelekea kwenye nguzo, kugeuka 180 ufanye mwisho wa mnyooko ili upate na alama ya spidi na ya breki humo humo. Anayefanya mmoja mmoja kwa kusoma orodha, dakika haimtoshi.

#9 Mtoto wa Pongwe

Driver ni gemu ya polisi na majambazi, si ya mbio. Hakuna anayeshindana na wewe kufika. Isipotoshe uzi.

Halafu niwaambie ukweli wazee wangu. Mnapamba. Nusu ya huo ugumu ulikuwa wizi mtupu. Mmeisahau Need for Speed Most Wanted ya 2005? Orodha ya watu 15, wa mwisho Razor. Endesha vizuri mzunguko mzima, adui yuko nyuma yako kidogo. Endesha hovyo, yuko mbele yako kidogo. Kompyuta imefungwa mpira kiunoni, ukimwacha unamvuta, akikuacha unakuvuta wewe. Basi mizunguko miwili ya kwanza ya nini? Wangetupa kona tano za mwisho tukalale.

Na hiyo Gran Turismo mnayoisujudia, ugumu wake unanunulika. Kwenye ya 2 unahangaika na vishindano vidogo, unajikusanyia hela, unachukua ile Suzuki Escudo ya Pikes Peak, unarudi kuwanyanyasa wote. Mbio zinaisha kabla hazijaanza. Breki gani hapo mkuu? Mtu anagonga ukuta anausugua kona nzima na bado wa kwanza.

#10 Mkata Kona

> Mtoto wa Pongwe kasema: ugumu wake unanunulika

Mbio unanunua, leseni hununui. Kwenye mtihani gari wanakupa wao, barabara wanachagua wao, sekunde wameweka wao. Escudo yako inabaki gereji. Ndiyo maana nikaanza na leseni nisianze na mbio. Aliyekuwa na dhahabu zote kwenye leseni moja ya GT2 alipewa gari la zawadi, na gari lile ukiliona kwa mtu ulijua huyu hakununua heshima.

Kuhusu mpira wa kiunoni nipo na wewe mia kwa mia. Ugumu wa haki ni ule ambao ukishindwa unajua umeshindwa wapi. Adui anayepewa mbio za bure kwa sababu wewe umeendesha vizuri, huyo ni mwizi. Kwa hilo siku hizi wametuzidi, niseme kweli. Mwaka 2022 Sony walitangaza Gran Turismo Sophy, akili bandia iliyojifunza yenyewe kuendesha kwa kurudia rudia, ikawapiga madereva wakali kabisa wa Gran Turismo Sport. Kasi yake ilitoka kwenye kukata kona vizuri. Adui wa namna hiyo ningempata mwaka 2000 ningefeli shule.

#11 Hata Mimi

Watu wazima mnajadili magemu na bei ya unga mnaiona.

#12 Mzee wa Kibanda

Bei ya unga ina uzi wake, #11, na huko pia nipo.

#13 Dereva wa Soni

Mimi kazi yangu ni barabara ya Mombo kwenda Lushoto, nina miaka mingi pale. Nimeusoma uzi wote na naona mnazunguka. Mbio mnazifikiria ni magari mengi kwa pamoja. Rali mmeiweka wapi?

Colin McRae Rally 2.0, ya mwaka 2000. Kwenye rali uko peke yako, gari moja, barabara moja, saa. Pembeni yako ameketi Nicky Grist, sauti yake mwenyewe, yule aliyekuwa akimsomea McRae ramani kwenye mashindano ya kweli. Anakuambia kona inayokuja ni kali kiasi gani kabla hujaiona, na wewe unaendesha kwa masikio. Ukimsikiliza nusu unatua mtaroni. Gari likiumia kwenye kipande hiki linakwenda kipande kinachofuata likiwa limeumia, na muda wa fundi una kikomo, unachagua utengeneze gia au usukani. Hapo mleta uzi ndipo lile deni lako linapokuwa deni kweli, linavuka hadi hatua nyingine.

Halafu mle ndani kulikuwa na Kenya. Sisi watu wa huku tuliona mara ya kwanza gemu inatuletea vumbi tunalolijua. Na McRae hakuwa mgeni wa vumbi hilo, bingwa wa dunia wa 1995 na Subaru, Safari Rally alishinda 1997, 1999 na 2002. Mbio zile zilipoanza mwaka 1953 zilikuwa zinapita hadi Tanganyika yetu. Wazee wetu walikuwa wanasimama kando ya barabara kuyaona magari yamejaa matope mpaka vioo. Safari siku zote aliyeshinda ni aliyejua pa kupunguza, kwa sababu gari la kuvunja lilikuwa moja.

Sasa nirudi barabarani kwangu. Kuteremka kutoka Soni kanuni ni moja, gia utakayopandia ndiyo ya kushukia. Ukishuka kwa kutegemea breki peke yake, zinachemka, na zikichemka pedali inazama hadi chini. Vijana wengi nimewafundisha hili wanaitikia tu. Kuna mmoja alielewa siku ya kwanza. Nikamuuliza umejifunzia wapi kupunguza kabla ya kona na si ndani ya kona, akasema gemu. Nikamwambia vizuri, ila huku hakuna kitufe cha kuanza upya, na abiria wana mayai.

#14 Mkata Kona

Mkuu wa Soni, hapo kwenye kuchagua gia au usukani umenikumbusha mbali sana. Nakazia.

#15 Binti Raskazone

Rali sawa, Gran Turismo sawa, lakini mnawadharau wa vigari vya katuni. Crash Team Racing, 1999, Naughty Dog. Wengi mnaiona ya watoto kwa sababu kuna makombora na matunda. Kaeni na mtu anayeijua. Unaruka, unashikilia kuteleza, unaangalia moshi wa bomba, ukigeuka mweusi unabonyeza upande wa pili, unapata msukumo. Mara tatu kwa kila mtelezo. Ukichelewa gari linakohoa, hupati kitu. Mtu mzuri wa CTR anafanya hivyo kona zote bila kukosa, vidole vinauma. Na yule Nitros Oxide wa mwisho anaondoka kabla ya taa ya kijani! Wizi wa wazi wazi, lakini unampata kwa kuendesha, hakungojei wala hakuvuti.

Ninachokikataa ni lile gamba la bluu la Mario Kart 64, linamtafuta aliye wa kwanza limpige. Umefanya kila kitu sawa, unaadhibiwa kwa kuwa mbele. Hiyo ni bahati nasibu ya kwenye harusi, si mbio.

#16 Konda Msaidizi

Nadhani mimi ndiye niliyesababisha uzi huu maana kijiweni nilikuwepo 😀

Mnaisema Bus Simulator Indonesia bila kuicheza. Gemu imetoka 2017, na uzuri wake wameacha mlango wazi, mtu anachora basi lake na rangi zake anaweka. Ndiyo maana Watanzania wameijaza mabasi yetu, unaona basi unalolijua la stendi limo kwenye simu. Mimi napakia abiria, napita kwenye foleni, natakiwa nifike bila kugonga. Nikigonga nimeharibu kazi. Kupunguza kupo, tena kuliko kwenye Need for Speed yenu. Mleta uzi kasema kipimo ni breki. Excitebike haina breki mmeipitisha, basi langu lina breki za upepo mmelikataa.

#17 Dereva wa Soni

Kijana, ukiona basi linashindana, hilo ni kosa la jinai, si mbio. Basi la kweli mwisho wake spidi 80 na LATRA, wale wasimamizi wa usafiri, wanakusoma kwenye kompyuta yao hapo ulipo. Gemu yako ni nzuri, inafundisha uvumilivu. Ila dereva wa basi aliyefika wa pili hajashindwa kitu.

#18 Mtoto wa Pongwe

Hilo la #17 limeniingia. Kwenye mbio kuchelewa sekunde moja ni kushindwa, kwenye basi kuchelewa sekunde moja hakuna anayejua. Basi ni udereva, mbio ni sekunde. Kwa kipimo hicho na Driver ya maegesho inarudi kwenye mbio maana ilikuwa na sekunde 60. Sipendi lakini ndo hivyo.

#19 Kijana wa Duga

Asante kwa kuniombea msamaha bila kuomba msamaha.

#20 Mkata Kona

OutRun ya Sega ya 1986 iko hapo hapo mpakani. Yu Suzuki aliitengeneza kama gemu ya kuendesha, Ferrari, bahari, njia zinazogawanyika, unachagua kushoto au kulia. Magari mengine hayashindani na wewe, lakini saa inakushukia na ukichelewa kituo umekwisha. Mimi naiweka ndani. Konda Msaidizi, basi lako nakuwekea kiti cha pembeni, usinuniane.

#21 Kaka wa Mabawa

Naomba nichangie la maana maana nimekaa sana. Ridge Racer ya PS1, ile ya Namco iliyotoka pamoja na mashine yenyewe Japani Desemba 1994. Ilikuwa ikishapakia yote inakaa kwenye kumbukumbu ya mashine, CD haihitajiki tena mpaka uzime. Kwa hiyo unafungua kifuniko, unatoa CD ya gemu, unaweka ya muziki, unashindana na nyimbo zako. Kwetu CD ya muziki ilikuwa moja, ya taarabu, ya mama. Mimi nimejifunza kuteleza kona kwa spidi na vinanda vya taarabu nyuma. Kona ya kuingia kwenye handaki naijua kwa ubeti. Mpaka leo ule muziki wake wenyewe wa Ridge Racer nikiusikia naona kama wameukosea.

Ugumu wake: kuteleza rahisi, kunyoosha baada ya kuteleza ndiyo kazi. Ukiachia mafuta mapema gari linakataa, ukichelewa unakula ukuta wa pili.

#22 Binti Raskazone

Mabawa umeshinda uzi. Mama alijua?

#23 Kaka wa Mabawa

Alijua CD ilipoanza kuruka kwenye redio yake. Tusiendelee.

#24 Mgeni Sahare

Wakuu nimechelewa. Sina PS1, nina simu ya Android tu. Nataka kuzionja hizi za zamani hasa GT2, inawezekana? Na nasikia GT2 ni CD mbili, zinakuwaje kwenye simu?

#25 Mzee wa Kibanda

Inawezekana kijana. Weka DuckStation, programu inayoifanya simu iigize PS1. GT2 ni CD mbili, moja ya akedi moja ya simulesheni, na kwenye simu ni mafaili mawili, leseni ziko kwenye la simulesheni. CD halisi za Ulaya moja ilikuwa ukiikwaruza inatoa harufu ya tairi za mbio. Zetu ziliandikwa kwa kalamu ya wino mzito na zilinukia jasho.

Usicheze kwa kugusa kioo. Kidole hakijui kimebana nusu au kimebana yote, na mtihani wa kusimama kwenye mistari utaufeli mpaka uichukie gemu bure. Tafuta pedi ya waya na kile kiunganishi cha OTG cha kuichomekea kwenye simu, maduka ya vifaa vya simu wanavyo. Usukani weka kwenye fimbo ya kushoto, si kwenye mishale.

#26 Mgeni Sahare

Shukrani mzee. Naona ina sehemu ya kuhifadhi popote, hata katikati ya mbio. Nitumie?

#27 Mkata Kona

Kwenye Grand Valley 300 hifadhi, maana mzee kashaeleza habari za umeme. Kwenye leseni ukihifadhi kabla ya kila kona utapata dhahabu zote siku moja na hutajua kusimamisha gari. Uamuzi ni wako, simu ni yako. Ila ile chiti ya hela ukiiweka, usije huku kutuonesha gereji.